Milio Mitatu ya Odalie

Kule Bayu Zirondel, mkono wa maji ya kinamasi kusini kabisa mwa Luiziana, ambako barabara hukata tamaa na kuzama majini, kibanda cha kuvizia bata hakina hati. Kina milio. Asubuhi ya kwanza ya msimu, kabla jua halijaachana na majani, mwenye kibanda hupiga risasi tatu mfululizo bila kuvuta pumzi katikati: ya Baba, ya Mwana, ya Roho Mtakatifu. Wanaosikia husema, "Yupo." Kibanda kisicholia asubuhi hiyo ni cha yeyote atakayekifikia. Hakuna hakimu aliyeiandika sheria hiyo, na ndiyo maana ikaheshimiwa. Walizoandika mahakimu ndizo zilizoiruhusu kampuni ya mafuta kukata mfereji katikati ya kinamasi. Wakubwa wake waliapa kwamba wakimaliza watauziba. Wakamaliza, wakaondoka. Chumvi ikaingia kutoka baharini, na majani yakafa kuanzia mizizini, kama mtu anayeficha ugonjwa. Watu wa bayu hawajasahau. Waliosahau ni wale waliolipwa wasahau.

Odalie Verdin alikuwa na kibanda na hakuwa na milio.

Mumewe, Clovis, walimzika majira ya baridi yaliyopita, mapafu yake yakiwa yamejaa kitu ambacho daktari alikataa kukitaja jina. Alikuwa ameacha bunduki ya marisau, ile ya kukokiwa kwa mkono: ukipiga, mkono wa kushoto uvute na kusukuma ndipo risasi ya pili iingie. Mkono wa kushoto wa Odalie uling'atwa na mashine katika kiwanda cha kumenya kamba wa baharini. Vidole vitatu havikunjiki. Kiwanda kilimpa bandeji na shukrani. Alikuwa ameijaribu bunduki ya marehemu nyuma ya nyumba, na kati ya mlio wa kwanza na wa pili mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima na kupaliwa mate juu yake.

Na shemeji yake alijua. Elphège, mdogo wake Clovis, alikuja wakati wa joto, akasimama chini ya ngazi bila kupanda, kofia mkononi. Alimwambia wazi kwamba asubuhi ya kwanza atakuwa na boti yake kwenye mdomo wa mfereji, anasikiliza. Asiposikia mitatu, kibanda atakichukua, na kuna matajiri wa mjini wanaotaka kukikodi msimu mzima.

"Sikuibii, shemeji. Nakwambia mapema."

"Mwizi mwenye adabu ni mwizi aliyeoga tu," Odalie akajibu.

Elphège alicheka, akavaa kofia, akaenda zake. Alipokwisha kwenda, Odalie aligundua kwamba hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mtu kusikika pale nyumbani tangu Jumapili.

Basi akapanda lori la Clovis, akashika njia ya mji wa Houma, hadi kwenye duka la Curley Prejean, anayeuza bunduki, ndoano na kahawa mbaya. Kiti cha pembeni kilikuwa na bunduki ya marehemu, imefungwa kwenye blanketi. Juu yake, koti la marehemu la kuwindia.

Jua lilikuwa linachoma lami. Wanaume wawili waliokuwa wakichagua nyavu walimwona mwanamke mfupi akiingia na koti la baridi mkononi, wakagusana viwiko.

"Koti la nini, Bi Odalie?" Curley akauliza. "Huko nje hata mijusi inagombea kivuli."

"Bata hawaji nikiwa na gauni."

Akalivaa. Mikono yake ikapotelea ndani ya mikono ya koti, akaikunja. Clovis aliwahi kununua bunduki akiwa na shati, ikamkaa kama kijiko mdomoni. Ilipofika baridi, na koti limenenepa begani, kitako kikawa kinanasa kwapani kila akiinua, na bata wanapita wanamcheka. Odalie alikuwepo. Alicheka pamoja na bata.

Curley alimpa kwanza ya namba kumi na mbili, ya mtutu mpana, inayojipakia yenyewe. Ikanasa, na mdomo wake ulikuwa mzito. Akamletea za namba ishirini, nyembamba na nyepesi zaidi, mbili, akazilaza juu ya kaunta kama mapacha wasiofanana. Akamweleza kwamba zote zinajipakia, anayepiga kazi yake ni kuvuta kifyatulio tu, ila kila moja ina tabia yake. Ya kwanza inatumia moshi wa baruti yake yenyewe kusukuma vyuma ndani. Haimwumizi mtu bega, lakini moshi huo huo unaichafua tumbo, na isipooshwa inagoma. Ya pili haina habari na moshi. Inaendeshwa na teke lake.

"Teke la punda?" Odalie akauliza.

"La mtoto wa punda. Lakini ni punda. Wanawake wengi wananunua ile laini."

"Wanawake wengi wana mikono miwili. Nifungulie."

Akataka kuzifungua mwenyewe, kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukishikilia kama kibanio. Ile laini ilikuwa na pete na vijipete na springi ya ndani. Pete moja ilimponyoka, ikabingirika, ikaingia chini ya kabati la ndoano, na Curley akapiga magoti akaisaka kwa tochi, makalio juu. Wanaume wa nyavu sasa walicheka waziwazi, na hata Odalie alitabasamu. Ile ya teke ilifunguka vipande vichache vinene, akavipanga, akavirudisha. Polepole, lakini akavirudisha.

"Nitachukua hii."

"Bega lako, Bi Odalie. Mimi nakwambia kwa mapenzi."

"Curley, kule kwangu nikiangusha pete, nani atapiga magoti?"

Curley akajishughulisha na kufuta kaunta ambayo haikuwa chafu.

Walibadilishana, kitu kwa kitu. Curley aliuliza mara ya pili kama kweli anaiacha ya Clovis, naye akasema ndiyo. Halafu Curley alimpa maelezo marefu ya kuitunza ile mpya, jinsi ya kuipakia, jinsi ya kulifunga komeo lake, kile chuma kinachoifungia risasi ndani ya mtutu, mafuta gani na wapi, lakini Odalie alikuwa anatazama ukutani, ambako msaidizi wa duka alikuwa anaitundika bunduki ya mumewe katikati ya bunduki za wafu wengine na za waliohama. Aliitikia kwa kichwa kila Curley aliponyamaza. Hakusikia hata neno.

Nyumbani alifanya mazoezi hadi bega likawa na rangi ya biringanya. Alitia risasi, akaliachia komeo, likaenda mbele kwa kishindo, akapiga: mmoja, wa pili, wa tatu. Haikugoma hata siku moja. Jioni aliifungua juu ya meza ya jikoni na kuifuta chumvi, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusema naye, alisema nayo. Aliiambia habari za bei ya kaa, na kwamba majirani, akina Dardar, nao wamefunga nyumba wakahama, na kwamba mwanawe amepiga simu kutoka Teksas akamwuliza tena anangoja nini kule majini.

Asubuhi ya kwanza ya msimu aliufikia mfereji giza likiwa limeanza kuwa kijivu. Ile boti aliiona, kivuli tu, imefungwa kwenye nguzo ya kampuni yenye kibao cha kukataza watu kupita katika maji ambayo babu zao waliyapita yakiwa majani. Hakusalimu. Elphège naye hakusalimu. Moto wa sigara yake ulipanda, ukashuka.

Aliwatandaza bata wa mbao wa kuwahadaa wale wa kweli juu ya maji, akaufunga mtumbwi chini ya kibanda, akapanda. Ubao wa kukalia ulikuwa wa watu wawili. Alikaa kushoto, mahali pake, na upande wa kulia akaweka mfuko wa risasi ili pasiwe patupu.

Clovis alikuwa mtu wa vicheko kila mahali isipokuwa pale. Ndani ya kibanda hakuruhusu hata buti kugonga ubao. Alikuwa akisema bata anasikia mtu akibadilisha nia. Miaka yote ya ndoa, Odalie alijifunza kumpa kahawa bila kugongesha kikombe. Kwa hiyo alipotia risasi ya kwanza hakuliachia komeo likapiga kelele. Aliliwekea kiganja, akalisindikiza mbele taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Likafika. Akaongeza mbili tumboni mwa bunduki, akangoja.

Walikuja kutoka kaskazini, kundi dogo, mabawa yamepinda kwa kutua, wakizunguka wale wa mbao. Zamani, enzi za majani, walikuwa wakilifunika jua. Aliinuka, kitako kikakaa begani bila kunasa, akamfuata wa mbele, akavuta.

Tk.

Akavuta tena. Hakuna kitu. Bata walimwona, wakapanda juu kwa mkupuo, wakaondoka na upepo. Kukawa kimya, kimya kile cha maji tu, na ndani yake akasikia, mbali, injini ya boti ikivutwa kamba. Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili ikawaka.

Mashariki ukingo wa jua ulikuwa umeshachomoza, mwekundu, bado umeshikwa na majani.

Odalie alivuta komeo nyuma, risasi ikadondoka kiganjani. Akaigeuza. Kitako cha risasi kiling'aa, hakina hata alama ya kuguswa na pini. Bunduki haikupiga kwa sababu haikuwa imefungwa. Komeo lilikuwa limefika mlangoni lakini halikuingia, yeye mwenyewe ndiye aliyelizuia kwa kiganja chake. Chuma kile kilitaka kishindo. Kilitaka kuachiwa kiende kwa nguvu zake.

Injini ilikuwa inakaribia. Aliirudisha risasi, akaondoa mkono. Komeo likapiga kwa sauti ambayo Clovis angeifukuzia mtu nyumbani. Angani hapakuwa na ndege hata mmoja. Odalie akasimama juu ya ubao, akaelekeza mtutu mahali ambapo bata walikuwa, akapiga. Na wa pili. Na wa tatu, kabla hajavuta pumzi. Jua likaachana na majani.

Boti ya Elphège ilifika polepole, injini imepunguzwa. Alishika nguzo ya kibanda kwa mkono, akatazama maji pande zote.

"Umeua malaika wangapi, shemeji?"

"Mila haisemi kuua."

"Haisemi." Akavuta kofia nyuma. "Mitatu nimeisikia. Midogo midogo, kama mtu anayegonga mlango, lakini mitatu. Basi. Ni chako."

Akamweleza kwamba wale matajiri atawaambia wabaki kwao. Halafu hakuondoka. Akawa anaibandua rangi iliyochubuka kwenye nguzo kwa ukucha. Mwishowe akasema kwamba yeye na mkewe wamekubali nyumba ambazo serikali inawapa wanaokimbia maji, kule juu, kwenye mashamba ya miwa. Kabla ya Krismasi watakuwa wamehama.

"Huko kuna bata?" Odalie akauliza.

"Kuna kuku." Hakucheka. "Nilikitaka hiki kibanda, shemeji. Pesa za wale watu ni kitu gani? Nilitaka tu niwe na kitu huku, niwe nalazimika kurudi."

Odalie alimtazama. Uso ulikuwa wa Clovis, uliochongwa haraka haraka. Upande wa kulia wa ubao ulikuwa na mfuko wa risasi tu, na mfuko huondolewa kwa mkono mmoja. Neno la kumkaribisha akae lilikuwa jepesi. Lakini lilipaswa kupita mahali pale pale lilipopita jingine, lile la mwizi aliyeoga, likakwama. Badala yake akauliza mkewe hajambo.

"Hajambo. Anafunga vyombo kwa magazeti." Elphège aliisukuma boti kutoka kwenye nguzo. "Mwaka ujao utampigia nani milio mitatu, Odalie? Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza. Wengine wote wamekwenda."

Akawasha injini. Alipokuwa mbali kiasi cha kuonekana kofia tu, Odalie alifungua mdomo, akamwita kwa jina, mara moja. Kofia haikugeuka.

Baadaye kidogo bata mmoja wa kijivu alikuja peke yake, bila tahadhari, kama aliyepotezana na wenzake. Alimpiga kwa risasi moja, safi, naye akaanguka mbele ya wale wa mbao. Zamani pale palikuwa na majani, bata akianguka unamkuta alipoangukia. Sasa ni maji matupu, na maji yalikuwa yanakupwa. Odalie alishuka mtumbwini, akausukuma kwa upondo, ukiteleza kila mara kwenye mkono usiokunjika. Alimkaribia hadi akaona manyoya ya tumbo yakipeperuka. Mkondo ukamzidi. Bata aliingia kwenye mfereji wa kampuni, ule walioapa kuuziba, akaanza kwenda kasi, kifua juu, kuelekea baharini.

Alimfuata kwa macho hadi akawa nukta. Halafu akaugeuza mtumbwi, kwa shida, akarudi kukalia kilicho chake.