Diski ya Daktari Wepukhulu

Wepukhulu aliitwa Daktari tangu siku ukoo wake ulipochinja fahali huko Kimilili kusherehekea shahada yake ya uzamivu. Shahada yenyewe haikuwa imetolewa. Tasnifu ilibaki kidogo tu, alisema, na wazee hawakuona sababu ya kumchelewesha fahali.

Miaka miwili baadaye kompyuta yake ilikufa. Alipokiarifu chuo, kilimjibu: awasilishe tasnifu kufikia Ijumaa, au alete barua ya fundi kuthibitisha kwamba kazi imepotea, aongezewe mwaka mmoja. La sivyo, angefutwa kwenye orodha ya wanafunzi.

Barua hiyo aliifuata Kitale, kwa sababu mafundi wa Bungoma walimjua. Mkewe, Nakhumicha, alikwenda naye bila kualikwa.

"Andika tu kwamba imekufa," Wepukhulu alimwambia fundi, mwanamke kijana aitwaye Nyaruai. "Si unaona hata haiwaki?"

"Kompyuta ndiyo imekufa, Daktari. Diski sijaipima."

"Usijisumbue bana. Mimi nishakubali hasara."

"Sisi hatujakubali, Baba Levi," alisema Nakhumicha. "Pima, mama."

Nyaruai aliitoa diski na kuiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe. Wakingoja, Wepukhulu alieleza jinsi vumbi la Bungoma linavyoharibu diski. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Iko sawa," Nyaruai alisema. "Faili zote ziko."

"Ati zote?" Wepukhulu aliuliza.

Folda ya tasnifu ilikuwa na faili tatu. Ya kwanza, Shukrani, ilikuwa na kurasa kumi na nne na ilimtaja kila jamaa hadi babu wa babu. Ya pili ilikuwa mpangilio wa viti vya wageni siku ya sherehe. Ya tatu iliitwa Sura ya Kwanza: ukurasa mmoja, nusu yake kichwa cha habari, ambao haukuwa umeguswa kwa miaka mitano.

"Hakuna nyingine?" Nakhumicha aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimetafuta hata zilizofutwa. Ni picha za fahali tu."

Wepukhulu alisogeza kiti. "Dada, kwa barua si useme tu diski imeharibika?"

"Hapo naweka muhuri wangu, Daktari. Naandika nilichopata."

Aliandika: *Diski ni nzima. Tasnifu imepatikana yote, ukurasa mmoja.*

"Hiyo ya ukurasa si ungeiacha?"

Nyaruai alipiga muhuri. Nakhumicha aliisoma barua mara mbili, kisha akaomba nakala ya pili.

"Ya nani?" Wepukhulu aliuliza.

"Ya wazee. Wameshakodi basi la kukuleta nyumbani na joho siku ya mahafali."