Mche wa Chungu cha Saba

Mjomba alimbandika mpwa wake jina la Bi Mbegu, na si kwa kumsifu. Kitalu chao cha maua kiliishi kwa kisu: unakata kichwa cha mche wa waridi mwitu wenye mizizi imara, unaunga kikonyo cha waridi jekundu, unafunga nailoni, unauza. Mpwa yeye alikuwa akichuma matunda ya waridi mwitu la uani, anayakamua mbegu, kisha anazilaza miezi mitatu kwenye friji ya mjomba, ubavuni mwa maziwa, ili baridi iziamshe.

"Hawa watoto wako baba yao nani?" mjomba alipenda kuuliza.

"Nyuki ndio wanamjua."

"Basi wana wa haramu hao!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Bi Mbegu hakujali. Waridi jekundu lilikuwa lile lile tangu mjomba hajaota ndevu, kila mche nakala ya mwenzake. Bali mbegu iliyoletewa chavua na nyuki ni kiumbe kipya, hakijapata kuonekana. Alitaka kuliona ua moja tu la namna hiyo.

Katika mbegu mia mbili, thelathini zilichipua. Ukungu ukala, konokono wakala, jua likamalizia. Ukabaki mche mmoja, kwenye chungu cha saba, ambao majani yake ukiyafikicha yananukia tofaa. Waridi la mbegu halina haraka: mwaka wa kwanza majani, wa pili majani. Wa tatu, likatoa tumba moja.

Wiki hiyo hiyo mama yake akalazwa. Alikwenda kumuuguza siku tatu. Aliporudi, chungu cha saba kilikuwa kitupu.

"Mjomba, mche wangu uko wapi?"

"Ah, ule?" Mjomba hakuacha kunoa kisu. "Hoteli imeagiza miche mia na ishirini, mashina yakapungua moja. Shina lako lilikuwa limenona, mwanangu! Uko pale kivulini na wenzake."

Kivulini ilijipanga mifuko myeusi mia na ishirini, kila shina limekatwa kichwa na kufungwa nailoni.

"Na tumba?"

"Kwenye mbolea. Kwa tumba moja tu ndiyo unanitolea macho?"

Alifukua mbolea kwa mikono. Alilipata. Alilimenya taratibu, na ndani petali zilikuwa zimeshaoza, rangi ya chai.

Bado mizizi ilikuwa hai. Ipo siku ingesukuma chipukizi chini ya kiungo, pale kikonyo kilipoungwa, na majani yangejitambulisha yenyewe. Miche ilipopelekwa hotelini, kila siku yake ya mapumziko alikwenda huko, akainama shina hadi shina, akifikicha na kunusa. Mwezi wa tano tangu ipandwe, alimkuta mzee mtunza bustani anafagia.

"Karibu, dada wa kitalu! Safari hii hutaona takataka. Machipukizi yote ya chini nimeyang'oa jana, nikachoma. Moja lilikuwa na nguvu hilo! Nimelichimbua hadi mzizini. Na linanukia, we acha, kama tofaa."

"Nani... nani alikwambia uyang'oe?"

Mzee akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ile inayokwenda na kila mzigo wa kitalu. *Chipukizi lolote chini ya kiungo ling'olewe mapema.* Mwandiko ulikuwa wa Bi Mbegu mwenyewe.

"Lilikuwa kwenye shina lipi, baba?"

Mzee aligeuka, akaitazama bustani nzima, akakuna kichwa.

"Nitakumbuka vipi, binti yangu? Yote mekundu."