Ubeti wa Tano wa Bibi

Vidole, mwalimu wa piano, alikuwa na beti nne za shairi na kichwa kimemvimba kama ana mia. Shairi lenyewe la kale, halikupata kuandikwa. Lilikaa kichwani mwa bibi yake tu. Beti nne bibi alimpa shingo upande. Wa tano akamnyima.

"Mume wangu," alimwambia, maana ndivyo alivyomtania tangu utotoni, "kwanza nisikie hilo sanduku lako. Ukinivunjia shairi, wa tano nakufa nao."

Vidole akalitungia shairi muziki wa piano miezi miwili. Jumapili mchana akamketisha bibi kando ya piano, na dada yake, fundi cherehani mwenye sauti tamu, akasimama kuimba, tepu ya kupimia bado shingoni.

Lo! Mstari wa kwanza tu, macho yakamtoka dada wa watu. Mistari ya shairi lile ina nusu mbili, na katikati mtu hutua. Vidole, kwa ujuaji wake, pale pa kutua alipajaza noti tele.

"Kaka, unataka kuniua? Nivute pumzi saa ngapi? Wewe mwenyewe uliimba hata mara moja?"

Thubutu! Alitungia vidole tu. Mara akamwona bibi akishika mkoba wake.

"Bibi, usiende! Hebu lighani mwenyewe, nisikilize."

Bibi akaghani, akigonga piano kwa kidole kila alipotua. Kila alipogonga, Vidole akafuta. Zikaenda noti za kujionyesha alizozihangaikia wiki nzima, na roho ikamuuma kwelikweli.

"Futa na hizo," dada akachochea. "Ndizo zilizoninyonga."

Wakaanza upya. Sasa piano ilinyamaza katikati ya kila mstari, na dada akaimba raha mustarehe mpaka ubeti wa nne ukaisha. Vidole hakuthubutu kugeuka.

"Mbona umeacha?" bibi akauliza.

"Zimeisha, Bibi. Ninazo nne tu."

"Nani kakwambia? Piga, mume wangu. Na huo mkono wa kushoto upunguze, usinikimbize."

Akainuka, akamsukuma dada pembeni, akauimba wa tano. Vidole alipiga huku machozi yanamtoka kwa furaha, akasahau kabisa kuuandika. Aliyeuandika ni dada, nyuma ya karatasi ya vipimo vya gauni la mteja.