Punda Milia wa Saba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, Ijumaa zikiwemo, Nahashon alisukuma toroli la barsimu kutoka ghalani hadi zizi la punda milia, mwendo wa mita mia mbili na kumi. Barsimu ni majani makavu ya mifugo, na punda milia mmoja hula kilo saba kwa siku. Alimwaga majani, akajaza maji, akazoa mavi, kisha akatoa simu na kutuma hesabu ya asubuhi ofisini kwa ujumbe wa sauti.

Hesabu hiyo haikuwa na namba. Kwao, Nandi, mifugo haihesabiwi. Ng'ombe huitwa kwa jina mmoja mmoja, na anayeita hujitaja mwisho, ili orodha isionekane kama imefungwa. Mwezi Januari, bustani ya wanyama ya Riyadh, Saudia, ilipoanza kutumia mfumo mpya wa kompyuta, Nahashon alisema kwenye simu: "Diwani, Tabitha, Sister, Kaimosi, Jumatatu, Nyanya, Nahashon." Fidel, karani kutoka Tanga, alisikiliza huku anakunywa chai. Majina yalikuwa saba. Akaandika punda milia saba.

Mlia wa kwanza ulitokea Februari, nyuma ya goti la kushoto la Nahashon. Nahashon aliusugua kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa, halafu akaenda kwa daktari wa wanyama, Dk. Priscah, ambaye zahanati yake ilikuwa karibu zaidi kuliko ile ya watu.

"Unawasha?" aliuliza Dk. Priscah.

"Hapana, daktari."

"Unauma?"

"Hapana."

"Basi ni mlia," alisema, akaupima kwa rula. Sentimita mbili na nusu. Jalada la punda milia wa saba lilikuwa limekaa tupu mezani kwake kwa wiki tano, naye hapendi majalada matupu.

Nahashon alikuwa na shida nyingine, na ndiyo iliyomnyima raha. Binti yake Chebet alikuwa anaolewa Kapsabet tarehe kumi na nne Desemba. Kijana wake, Kibet, alioa miaka miwili nyuma, na kwa harusi ile Nahashon alinunua suti ya kijivu pale soko la Batha. Suti ilibaki Riyadh, na mwenyewe alibaki nayo.

Ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, ilimtaja kuwa mtunza bustani wa nyumbani. Hakuwahi kumwagilia ua la mtu. Lakini wafanyakazi wengi nchini humo waliporuhusiwa kujiombea viza ya kutoka na kurudi, watu wa kazi za nyumbani, watunza bustani wakiwa miongoni mwao, waliachwa nje. Kwa hiyo ruhusa ilikuwa mikononi mwa kafili, yaani mdhamini wake, Abu Rakan, mwenye kampuni iliyoendesha bustani ya wanyama, na pasipoti ilikuwa kwenye droo ya Abu Rakan.

"Nahashon, wewe mtu mzuri," Abu Rakan alimwambia. "Lakini ukienda, nani alishe punda milia? Mafi mtu, hakuna. Baada ya Ramadhani, inshallah."

Baada ya Ramadhani alisema baada ya Hija. Baada ya Hija alisema joto lipungue kwanza. Joto lilipopungua, msimu wa wageni ukaanza.

Milia haikungoja misimu. Kufikia Mei ilikuwa imefika kifuani, na kufikia Juni shingoni. Jumapili moja Chebet alipiga simu ya video.

"Baba, hiyo ni shati mpya?"

"Hapana. Ni shingo."

"Sawa. Utakuja tarehe kumi na nne?"

"Nimeomba."

"Ulisema hivyo hivyo Kibet akioa," alisema Chebet, na mtandao ukakatika.

Julai kipimajoto cha zizini kilisoma nyuzi arobaini na sita. Kanuni za bustani ziliagiza punda milia waingizwe kwenye chumba cha kiyoyozi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Walisha wanyama waliruhusiwa kupumzika saa sita hadi saa tisa, chini ya turubai. Mfumo ulimtambua Nahashon chini ya kanuni zote mbili, na Fidel, baada ya kuwaza kidogo, akafuata ile ndefu. Nahashon aliingia na wenzake sita, akiwa na fagio lake. Saa nane waliletewa mabonge ya barafu yenye karoti ndani. Alikula karoti, barafu akaiweka kisogoni.

"Wee Nahashon," Onesmus, mlisha ndege, alimwita kupitia dirishani, jasho likimtiririka. "Unakula baridi huko ndani na sisi tunakaangwa!"

"Unataka kuwa punda?"

"Kwani mimi sasa hivi ni nani?" alisema Onesmus.

Dk. Priscah alimpima Nahashon kila mwezi. Alikuwa na kilo sabini na nne, uzito ambao kwa punda milia dume ni wa kusikitisha. Aliandika kwamba aongezewe chakula, na chakula kikaongezwa. Alimchanja na kumtibu jino lililomsumbua tangu alipofika Saudia. Kazi haikupungua. Nahashon alizoa mavi kama kawaida, na Dk. Priscah alimsifu kwa maandishi kuwa mnyama pekee anayeacha zizi likiwa safi kuliko alivyolikuta.

Oktoba kampuni ilikubaliana na hifadhi moja ya binafsi karibu na Eldoret kuwaazima dume la punda milia kwa siku arobaini, kwa ajili ya kuzalisha. Diwani alikuwa na miaka ishirini na tatu na meno manne. Wengine watano walikuwa majike. Mfumo ulimpendekeza namba saba.

Cheti cha afya, kipimo cha damu na vibali vya nchi zote mbili vilipatikana kwa siku kumi na moja. Abu Rakan alitia sahihi akiwa amesimama. Mnyama hahitaji ikama.

Waliondoka Riyadh kwa lori katikati ya Novemba, Dk. Priscah akiwa mbele na dereva, Nahashon nyuma ndani ya sanduku la mbao. Jeddah walisimama mtaa wa Sharafiya kula, na Nahashon akaomba anunuliwe zawadi ya harusi. Mwenye duka alitoka na seti ya vikombe vya kahawa, akachungulia kati ya mbao za sanduku, akauliza kama avifunge kwa karatasi ya dhahabu au ya fedha.

"Dhahabu," alisema Nahashon.

Bandarini, afisa wa mifugo alimulika ndani kwa tochi.

"Anauma?"

"Hajawahi," alijibu Dk. Priscah.

"Anapiga kelele?"

"Akiongea na binti yake tu."

"Na hii?" Afisa alielekeza tochi kwenye suti ya kijivu.

"Matandiko."

Afisa aligonga muhuri.

Meli ilifika Mombasa baada ya siku kumi. Karantini ikachukua kumi nyingine, na tarehe nane Desemba Nahashon alifunguliwa kwenye majani mabichi ya hifadhi. Kuhusu kuzalisha, ripoti ilisema kwa ufupi kwamba hakuonyesha ari. Majike walimpiga mateke, naye akawasafisha kwato.

Tarehe kumi na nne alipewa ruhusa ya siku moja, pamoja na askari wa wanyamapori, kwa kuwa mkataba ulikataza mnyama aachwe bila mlinzi. Askari alikula mara tatu. Suti ilimkaa Nahashon vizuri. Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa bibi harusi, alijitokeza, akasema, "Ni mimi baba yake," na Chebet akamshika mkono wenye milia, hakuuachilia mpaka alipolazimika. Nje, wakwe walileta ng'ombe wa mahari waliobaki. Kaka wa bwana harusi aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akamalizia na lake. Nahashon alimtazama kwa huruma.

Katikati ya Januari siku arobaini zilitimia. Sanduku lilifungwa.

Abu Rakan alimpokea langoni, akampapasa shingo. "Alhamdulillah. Amerudi mzima."

"Bosi," alisema Nahashon, "Chebet ana mimba. Mtoto atazaliwa Septemba. Nilikuwa naomba likizo."

Abu Rakan alifungua jalada la wafanyakazi. Lilionyesha kwamba Nahashon, mtunza bustani wa nyumbani, hakuwa ametoka nchini kwa miaka minne na miezi miwili.

"Miaka minne umekaa bila shida," alisema. "Baada ya Ramadhani, inshallah."

Nahashon alirudi zizini. Kwa muda aliokuwa safarini punda milia walilishwa na Onesmus, ambaye mama yake alikuwa akingoja upasuaji Kisii, na ambaye ikama yake ilimtaja kuwa dereva wa nyumbani. Hajui kuendesha gari. Zizi lilikuwa safi. Onesmus alimkabidhi toroli, lakini simu ya hesabu hakuitoa.

"Leo niachie mimi hesabu," alisema, akabonyeza kitufe cha kurekodi. "Diwani, Tabitha, Sister, Kaimosi, Jumatatu, Nyanya, Nahashon." Akaisogeza simu mdomoni. "Onesmus."

Ofisini, Fidel alipuliza chai yake, akaandika nane. Dk. Priscah akafungua jalada jipya, akatoa rula.