Tata Omer na Lengalenga za Kobalti

Tata Omer alikuwa karani mstaafu, mtu wa kalamu mfukoni na viatu vinavyong'aa, lakini moyoni aliamini kwamba iko siku ardhi ya Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, ingemkumbuka. Basi alipomsikia Annie, binti wa chuo aliyekuwa akipita mitaani kuchota udongo wa kupima na kuutia katika vifuko vya plastiki, akimwambia mkewe, Mama Kabedi, kuwa bustani yao ilikuwa na kobalti nyingi kuliko uwanja wa shule na shamba la mahindi la bondeni, hakungoja maneno yaliyofuata.

Mama Kabedi aliyangoja. Annie alimweleza kwamba majirani walitwanga mawe ya madini kando ya ukuta wao miaka mingi, vumbi likaingia udongoni, udongo ukazilisha mboga, na azilaye kila siku hujitafutia maradhi.

Wakati huo Omer alikuwa ameshang'oa matuta mawili ya lengalenga, yaani mchicha, pamoja na mizizi na udongo wake, akazitia guniani na kupanda baiskeli.

Kwenye depo la madini wachimbaji waliziheshimu mvi zake wakampisha mbele. Dodo, mnunuzi, alifungua gunia, akatazama ndani, akamtazama Omer, kisha akatazama tena guniani.

"Tata, hii ni mboga."

"Ni mboga ya kobalti," Omer alimjibu kwa upole. "Pima."

Dodo alikuwa amelelewa vizuri. Akachukua mashine yao inayofanana na bastola, ile inayosoma madini yaliyomo katika jiwe, akailenga lengalenga. Foleni nzima ikasogea kuona.

"Kwa kuuzisha, ni kidogo sana," Dodo alisema mwishowe. "Lakini kwa kula, iko mingi. Munakulaka hizi?"

"Kila siku," alisema Omer, akifinyanga hewani tonge la ugali. "Na bukari."

Mchimbaji mmoja, Muteba, akauliza kwa adabu kama basi isingefaa apimwe Tata mwenyewe, huenda mali yote imehamia tumboni. Dodo akasema mtu halengwi kwa mashine ile. Omer akafunga gunia lake.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mama Kabedi hakumcheka, jambo lililomtisha zaidi. Alimwambia tu agizo la Annie: mboga zile zisiliwe tena, mikono ioshwe kabla ya kula, na matuta mapya yainuliwe kwa udongo safi kutoka mahali alipopima akapaona pazuri, nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Nzilo.

Kuanzia kesho yake Omer akawa anakwenda na magunia matupu na kurudi nayo yamejaa. Sasa, Kolwezi udongo hutoka, hauingii. Watu waliomwona mzee akitokwa jasho nyuma ya baiskeli walimuuliza amebeba nini, naye aliwajibu kuwa ni udongo tu, jibu ambalo hakuna mchimbaji aliyewahi kuliamini. Siku ya nne, Muteba na wenzake kumi na mmoja walimfuata na sepetu zao.

"Ni ya kupanda mboga," Omer aliwaambia. "Haina kitu ndani. Njo maana naibeba."

Muteba alimkonyeza jicho, na kazi ikaanza. Walichimba hadi adhuhuri. Omer alinawa mikono kwa maji ya chupa, akala ndizi yake kivulini, kisha akajaza magunia kutoka katika rundo lao la udongo, ambalo walikuwa wameshaliondolea mawe. Aliwaomba tu, kama hawangeona vibaya, wasogee kidogo upande wa kushoto, maana huko udongo ulikuwa mweusi zaidi. Waliposikia hivyo walichimba kwa nguvu maradufu.

Jioni Muteba mwenyewe ndiye aliyemsukumia baiskeli mlimani, apate kuona mali ile inauzwa wapi. Alimwona Mama Kabedi akiimwaga juu ya tuta, akiisawazisha kwa kiganja na kupanda mbegu. Alisimama pale mpaka mbegu zilipomwagiwa maji.

"Nawa mikono, mutoto yangu," Mama Kabedi alimwambia. "Bukari iko tayari."