Bani la Paa Moja

Apolinaria alifunga fundo la ishirini na moja kwenye kamba ya tumbaku, akapanda treni Goweko kwenda Tabora mjini. Daktari Benedikta alimwagiza ahesabu toka siku ya kwanza ya hedhi na aje siku ya ishirini na moja, maana ndipo utando wa mfuko wa uzazi unakuwa mnene na picha inatoka vizuri.

Mama mkwe wake, Mama Mhoja, hakuwa mtu wa kusimuliwa, kwa hiyo waliandamana. Mimba tatu za Apolinaria zilikuwa zimetoka. Kipimo cha kwanza kilisema mke huyo wa Marko ana mifuko miwili ya uzazi, na habari hiyo ilizunguka kijiji kizima kabla chai haijapoa. Jumapili ukoo ungekaa kuamua kama arudishwe kwao.

"Mama, wakinirudisha, basi iwe kwa picha kamili," Apolinaria alisema njiani. Hakuwa akiomba.

Daktari aliingiza kifaa chembamba ukeni, akabonyeza kitufe. Picha iliyokuwa bapa ikainuka kwenye skrini, ikageuzwa mbele, ikageuzwa juu. Mama Mhoja akavuta kiti karibu. Bibi huyu alikuwa amesimamisha mabani saba ya kukaushia tumbaku kwa mikono yake, na fundi wa kumdanganya alikuwa bado hajazaliwa.

"Hapo juu hapajabonyea?"

"Hapajabonyea, mama. Ingekuwa mifuko miwili, ingeachana hapo. Huu ni mmoja, una ukuta katikati."

"Bani moja, paa moja, watu wameona vyumba viwili wakasema nyumba mbili!" Mama Mhoja aliguna. "Na ukuta si unabomolewa?"

"Unakatwa, wala tumbo halipasuliwi. Nawaandikia rufaa ya Mwanza. Mtoto siwezi kuahidi, ila mimba itapata nafasi ya kukaa."

Apolinaria akacheka huku machozi yanamtoka.

Nje, Mama Mhoja akampigia mwanawe. "Marko, kikao cha Jumapili kipo palepale. Nitasema mimi, na nitaanza na kosa langu la kuyaamini ya mifuko miwili."

Akakata simu, akamnyooshea mkwewe mkono.

"Lete hiyo kamba. Mpaka siku ya Mwanza, mafundo nafunga mimi."