Mgongo wa Mteremko

Shangazi alipoketi, miguu yake ya nyuma ilimwagika pembeni kama nguo iliyodondoka kambani. Mke wangu ndiye aliyempa jina hilo mbwa huyu angali mchanga, kwa jinsi alivyozoea kuingia jikoni kwa kishindo, mithili ya shangazi aliyekuja kuamua ugomvi usiomhusu. Sasa aliyempa jina alikuwa chini ya udongo, na mwenye jina alikuwa sakafuni kwa daktari wa mifugo wa kambi, akingojea sindano.

Kambini kwetu, kambi ya mbwa wa ulinzi, aliyemlea mbwa ndiye humshika kichwa siku hiyo. Eti asife mikononi mwa mgeni. Nimewashika wengi. Nilikuwa nikifumba macho, kisha nikinawa na kurudi kukoroga uji wa waliobaki.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. "Tazama, mzee. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya nyonga kama mchi kinuni. Huyu hana kinu, ana sahani."

"Na mama yake?"

"Vilevile. Ukizalisha kwa kutafuta mgongo wa mteremko tu, nyonga hizi ndizo utakazopata."

Nani aliyeutafuta? Si mimi. Mbwa wetu wa zamani walikuwa na migongo iliyonyooka kama benchi, wakiruka ukuta na kutua kimya. Mkuu wa kambi akasema wana umbo la ng'ombe. Wageni wake walitaka mbwa anayesimama kana kwamba yu tayari kuruka. Basi tukazalisha kusimama, kuruka tukakusahau.

Mkuu aliingia akinukia sabuni. "Bado tu?"

"Akiondolewa kazini ataishi," daktari alisema, macho kwenye viatu vyake mwenyewe. "Maumivu yana dawa."

"Hii ni kambi, si nyumba ya wazee. Mzee, mshike."

Sauti ileile. Ndiyo iliyoniambia, mke wangu alipozidiwa, nimalize zamu kwanza kwa kuwa kuna wageni. Nilipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Shangazi alilaza kidevu juu ya kiatu changu.

"Simshiki."

"Umesemaje?"

"Masikio unayo, Mkuu. Mshike wewe, uliyeuagiza mgongo huu."

Mkuu alipiga hatua moja, mkono ukiwa mbele. Shangazi hakunguruma. Alimtazama tu, na mkono wa Mkuu ukarudi mfukoni.

"Ukitoka na mbwa huyo, usirudi."

"Nirudi kufuata nini? Uji?"

Daktari alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko, akaifunika sindano.

Nilivua shali ya marehemu, ambayo haikuwa imetoka shingoni mwangu tangu tulipomzika, nikaipitisha chini ya tumbo la Shangazi na kumwinua nyuma. Tukauvuka uwanja. Mbwa wachanga walikuwa wamepangwa mbele ya wageni, migongo yote ikiteremka. Hata mmoja hakubweka. Nyuma yetu Mkuu alikuwa akiita jina langu la kazi. Sikugeuka.

Mlinzi wa lango alinitazama, akaitazama shali.

"Mzee, mnakwenda wapi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimebeba nusu tu."

Aliangalia kule sauti ilikotoka, akasita, kisha akavuta komeo. Shangazi akakaza miguu yake ya mbele, akaanza kunivuta.